Namna ya Kuwaoanisha Wahusika Bila Kuwalazimisha

Mtu anayeandika simulizi ya mapenzi na kuituma sehemu kwa sehemu kwenye kundi la WhatsApp hugundua mapema kwamba, ikifika sehemu ya nne au ya tano, wasomaji wamekwisha kuchagua bwana harusi, na wengine wamekwisha kugombana kwa ajili yake. Jambo hilo halina ubaya, kwani msomaji asiyemtakia mhusika mwenzi huenda hamjali hata kidogo. Ugumu unabaki kwa mwandishi, ambaye hana budi kuamua nani awe na nani, tena kwa sababu zitakazosimama hadi sehemu ya mwisho.

Njia ninayoitegemea ni kuwapa wahusika wawili kazi ya kufanya pamoja kabla ya kuwapa neno lolote la mapenzi. Katika simulizi niliyoitunga hapa Mtwara, Zuhura alikuwa karani wa mizani katika ghala la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima huko Tandahimba, naye Selemani alikuwa mkulima aliyeleta magunia manne ya korosho mwezi wa kumi. Zuhura alitia mkono ndani ya gunia, akatoa konzi moja, akaitikisa karibu na sikio, kisha akamwambia kwamba korosho iliyokauka hulia, na hizi zimenyamaza, azirudishe juani. Selemani hakununa. Alizibeba, akazianika siku tatu, akarudi na magunia yaleyale yakiwa yamepungua uzito, akamwomba azitikise tena. Hapo hapana barua wala kushikana mikono, lakini msomaji amekwisha kuona kwamba mmoja hasemi uongo kazini na mwenzake anaweza kuambiwa ukweli mbele ya watu. Ukijaribu onyesho la namna hii ukakuta wahusika wako hawana la kuambiana isipokuwa kusifiana macho, ujue jozi hiyo haijaiva.

Wasomaji wangu, hata hivyo, hawakumtaka Selemani. Walimtaka Nurdini, kijana wa pikipiki anayezunguka vijijini usiku kununua korosho kwa kangomba, yaani nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo mkulima hupeleka korosho ghalani zipimwe na kupewa stakabadhi, tena kwa bei ya kumwonea mkulima aliyebanwa na shida. Nilikasirika, kisha nikakubali shingo upande na kumwoza Zuhura kwake katika sehemu ya 28, nayo ikadorora kuliko zote nilizowahi kuandika, kwa sababu nilikuwa nimemfanya Nurdini mwema kwa kurasa mbili tu ili afae kuoa. Kosa halikuwa la wasomaji. Walikuwa wameona kitu ambacho mimi sikukiona: kila Nurdini alipoingia, Zuhura alikuwa na jambo la kupoteza, ilhali mbele ya Selemani hakuhatarisha chochote. Kwa hiyo msomaji akikwambia umpe binti yule kijana fulani, usikimbilie kuandika harusi. Tafuta kwanza ni onyesho lipi lililomvuta, kisha urudi ulichunguze lina nini ambacho maonyesho yako mengine hayana.

Louisa May Alcott wa Marekani alibanwa vivyo hivyo. Baada ya sehemu ya kwanza ya riwaya yake ya akina dada wanne, Little Women, kutoka mwaka 1868, wasichana walimwandikia wakitaka Jo, mmoja wa dada hao, aolewe na Laurie, kijana wa jirani. Yeye alikataa, na katika sehemu ya pili, iliyotoka mwaka 1869, akamwoza Jo kwa profesa wa Kijerumani aliyemzidi umri sana. Wapo wanaolalamika hadi leo. Mimi niko upande wake nusu: alikuwa na haki ya kukataa, ila mwenzi anayeletwa wakati msomaji amekwisha kumpenda mwingine hupokewa kama mgeni, hata akiwa bora.

Huku kwetu usisahau ukoo. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera, ambao kwa desturi huhesabu ukoo upande wa mama, sauti ya mjomba katika ndoa ni nzito, na simulizi inayomweka baba peke yake sebuleni akipokea posa itamchekesha msomaji wa Newala au Ruangwa. Mjomba pia humwokoa mwandishi aliyekwama, kwani anaweza kumkataa mchumba kwa sababu isiyohusu fedha, na sababu hiyo ikabeba sehemu tatu nzima.

Zipo jozi ambazo siandiki, kama mwalimu na mwanafunzi wake, au wasanii na wachezaji walio hai, ambao hawakuniomba niwatungie mapenzi.

La mwisho ni namna wahusika wanavyoitana, ambapo Kiswahili kinampa mwandishi utajiri mkubwa. Selemani alimwita Zuhura “Bi Karani” kwa sehemu 19, na siku alipotamka jina lake tupu, wasomaji walilitambua bila kuelezwa. Nurdini alimwita “mrembo” tangu siku ya kwanza. Nilipoiandika simulizi upya, nilimleta ghalani mchana kweupe, na magunia ya kangomba aliyoyaandikisha kwa jina la mkulima mwingine, akamkuta Zuhura amesimama kando ya mizani na foleni nzima inatazama. Akavua kofia, akasema, “Shikamoo, Bi Karani.”