Kabla hujailaumu sensa ya jetiski: mambo ya kuzingatia

Taa nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi ya jetiski, pwani yetu yote ya Unguja, Nungwi mpaka Paje, jibu ni moja: "Hiyo sensa tu, mbovu," yaani kile kifaa kinachopima hali ya injini na kuwasha taa. Mara nyingine ni kweli, maana chumvi inakula waya. Lakini kama umenunua mashine iliyokwisha kutumika na unataka kuishusha majini wiki hii, pitia haya kwanza. Usimwachie fundi peke yake. Simama naye, tazama kwa macho yako.

Anza na betri. Mita ya umeme ya bei ndogo inatosha. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa na imepumzika, isome karibu volti 12.6. Ikisoma 12 imekwisha, na umeme ukiwa dhaifu taa huwaka hata pasipo na hitilafu ya injini. Chaji, safisha vichwa vya betri, kaza.

Petroli: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya akiba.

Oili ipime chombo kikiwa kimekaa sawa, si kimelala upande mchangani, na ufuate kitabu cha mashine hiyo, kwa sababu nyingine hupimwa injini ikiwa bado ina moto. Usizidishe. Oili iliyozidi hupanda kwenye njia ya hewa. Ukichomoa kijiti cha kupimia ukaona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usiwashe hata kidogo. Hilo huwapata waliopinduka kisha wakaigeuza jetiski upande usio wake. Nyuma ya chombo pana kibandiko chenye mshale unaoonyesha upande wa kuigeuzia. Kama kimebanduka, tafuta upande sahihi kwenye kitabu na uchore mshale kwa rangi leo hii.

Plagi za sensa zifungue moja moja. Ukiona kutu ya kijani kwenye pini, hapo ndipo uongo wa taa unapoanzia. Safisha kwa dawa ya viungio vya umeme na mswaki mkavu, tia grisi inayofaa umeme, rudisha mpaka usikie imejifunga. Sensa ya joto nayo hupimika. Nyingi, ukinzani wake wa umeme hushuka joto linapopanda. Iweke ncha kwenye kikombe cha maji ya baridi, usome mita, kisha maji ya moto, usome tena. Namba ikishuka taratibu, sensa ni nzima. Ikikwama palepale au ikirukaruka, nunua nyingine. Zipo ambazo ni swichi tu, hufunga na kufungua. Hizo usitarajie zishuke kidogo kidogo.

Sasa njia ya maji, na hapa nataka unisikilize vizuri.

Jetiski hupoa kwa maji ya bahari inayoyavuta kwa chini. Yamaha hupitisha maji hayohayo ndani ya injini. Sea-Doo za injini ya Rotax zina kuleni yake (maji maalumu ya kupoza injini) inayozunguka ndani, lakini ekzosi yake, bomba la moshi, bado inapozwa na bahari. Kwa hiyo ya namna yoyote uliyonayo, njia ya chini ikiziba kuna kitu kitaungua. (Na kama yako ina kuleni, usiweke maji ya bomba badala yake ukisema huku hakuna barafu. Kuleni inazuia kutu na inachelewesha maji kuchemka, na sisi kwenye joto ndio tunaoihitaji.)

Mashine yangu ilianza kulia king'ora msimu wa kaskazi. Mara ya kwanza tulikuta kutu ya kijani kwenye plagi ya sensa ya joto. Tukasafisha, ikanyamaza. Baada ya wiki mbili ikalia tena, tukakuta vilevile. Mara ya tatu wageni walikuwa wamekwisha lipa, wanasubiri ufukweni, na fundi akaniambia, "Bosi, tuukate waya wa king'ora, tutaurudisha kesho." Nikakubali. Kesho ile haikufika. Siku zikapita, mashine inakwenda vizuri, nami nikasahau kabisa kwamba king'ora hakipo.

Ijumaa moja, baada ya sala, nikamchukua mtoto wa dada yangu, miaka kumi na minne, tukateremka Nungwi kuelekea Matemwe. Maji yalikuwa ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanatoka kwa kasi. Nikakata njia ya ndani ili niwahi, nikapita karibu na mashamba ya mwani. Sikuona kitu. Baada ya dakika chache mashine ikapungua nguvu yenyewe, ikawa inatambaa. Nikasema moyoni, petroli chafu. Leo najua kwamba mashine nyingi za sasa zikipata joto hujipunguzia mzunguko ili zisiungue, na zinapiga kelele kukuambia. Yangu ilipunguza. Kelele nilikuwa nimeikata. Taa kwenye jua lile la alasiri sikuiona, nami niliendelea kubana gesi.

Mtoto ndiye aliyesema, "Mjomba, kuna kitu kinanuka kuungua."

Nilipofungua kiti, moshi ulinipanda usoni. Mpira wa ekzosi ulikuwa umelainika na kuachia kwenye klampu, na maji yote yaliyopaswa kutoka nje yalikuwa yanamwagwa ndani. Ngama, sehemu ya chini ndani ya chombo, imejaa maji, betri inakaribia kuzama. Nikazima. Mkondo ukaanza kutuvuta kwenda kwenye mlango wa mwamba, mawimbi meupe tunayaona, na nyuma yake ni bahari kuu. Mtoto hakulia. Alinishika jaketi tu, hakuniachia. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi na ngalawa yake akatuona, akageuza tanga, akaturushia kamba. Tulipofika pwani tukaipindua jetiski kwa utaratibu, tukakuta taitai, zile kamba nyembamba za kufungia mwani, zimejisokota kwenye shafti ya impela, feni inayosukuma maji, na majani yamejaa kwenye wavu wa kuvutia maji.

Injini ilikufa. Hiyo si hasara ninayoifikiria. Namfikiria dada yangu, aliyekuwa nyumbani anapika.

Kwa hiyo: kabla ya kushuka, inama utazame wavu wa chini na impela. Nailoni, taitai, mfuko, kamba ya dema, toa vyote. Wakati wa kutoa, kamba ya mkononi, ile inayozima injini ikichomoka, iwe imechomolewa na injini imezimwa. Usiwashe penye maji pungufu ya sentimita 90, inavuta mchanga. Kama yako ina tundu dogo la maji ubavuni, jizoeze kulitazama mara tu unapowasha. Maji hayatoki, zima. King'ora kikilia bila kukoma, achia gesi, zima, tafuta sababu kwenye njia ya maji na oili kwanza. Sensa iwe ya mwisho kushukiwa. Na fundi yeyote anayekuambia mkate waya, tafuta mwingine.

Jioni suuza njia ya maji ya injini kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Injini iwake kwanza, ndipo ufungue bomba; ukimaliza funga bomba kwanza, ndipo uzime injini. Ukigeuza mpango huo maji yanaweza kupitia ekzosi na kuingia kwenye injini. Maji ya visima vya pwani yana chumvi kidogo, lakini suuza nayo kuliko kuacha.

Mengine unayajua. Jaketi la kuelea kwa kila mtu, lifungwe. Simu kwenye mfuko usioingia maji, 112, namba ya dharura, iwe kichwani. Jua maji yanajaa saa ngapi na yanatoka saa ngapi. Mwambie mtu wa ufukweni unakwenda wapi na utarudi lini, na beba kamba ya kuvutwa, ndefu na nzima, kwa sababu mwenye ngalawa atakayekuokoa huenda yake anaitumia kufungia tanga.