Somo: Kijapani kwa anayeanza, tokea masikioni hadi kwenye kanji

Anayezungumza Kiswahili huingia kwenye Kijapani na mtaji ambao wengine hawana. Ana na mtego wake pia, na mtego huo si kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, ingawa kanji ndiyo inayowatoa watu jasho kabla hata hawajaanza.

Hatua ya 1: sauti, kabla ya kalamu

Irabu za Kijapani ni tano: a, i, u, e, o. Ni zile zile zetu. Silabi nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo *tamago* (yai) unaisoma bila kufundishwa. Hata ん, ile n inayosimama peke yake, si ngeni: ni kama n ya "nchi", ina pigo lake. *Hon* (kitabu) ni mapigo mawili, ho-n. Ikikutana na b hugeuka m, ndiyo maana *shinbun* (gazeti) hutamkwa shimbun. Sisi nasi husema "njia mbaya", hakuna asemaye "nbaya".

Sasa mtego: mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mdomo hufanya hivyo bila kukuuliza. Kijapani hakikazi, sauti hupanda na kushuka. Kwa matamshi ya Tokyo, *hashi* inayoanzia juu ikashuka ni vijiti vya kulia. Inayoanzia chini ikapanda ni daraja. Mswahili asiyejihadhari husema vijiti siku zote, hata akiwa amesimama juu ya daraja.

Urefu nao hubadili maana. *Obasan* ni shangazi au mama wa makamo, *obaasan* ni bibi. Mimi niliwahi kumwita mama mmoja obaasan kwa kuvuta a kidogo tu, kwa adabu nilivyodhani. Alicheka, lakini si mara moja. Vivyo hivyo *kite* ni "njoo" na *kitte* ni stempu. Hapo katikati unanyamaza pigo zima.

Zoezi: gonga meza kwa kidole, pigo kwa pigo. Ki-t-te, matatu. O-ba-a-sa-n, matano. Ko-n-ni-chi-wa, matano. Fanya wiki nzima kabla ya kununua daftari.

Hatua ya 2: hiragana

Herufi za msingi ni 46. Chukua tano kwa siku, andika kwa mkono, na ndani ya siku kumi umezimaliza. Kuzisoma bila kukwama kutachukua muda zaidi, usijilaumu. Ukishazijua, achana na Kijapani kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi. Kinakudekeza: macho yanaona "sakana" na mdomo unakimbilia saKAna, kumbe sauti inatakiwa ianze chini, ipande, ibaki huko huko juu.

Kumbuka vijineno vitatu vinavyoandikwa hivi na kusomwa vile: は (ha) husomwa wa, へ (he) husomwa e, を (wo) husomwa o. Ndiyo maana konnichiwa huandikwa こんにちは.

Hatua ya 3: katakana

Sauti ni zile zile, sura tofauti, kazi yake kubwa ni maneno ya kigeni: ホテル (*hoteru*), バス (*basu*), シャツ (*shatsu*). サファリ ni safari, neno letu lililofika mbali. Zinazosumbua ni シ (shi) na ツ (tsu), ン (n) na ソ (so). Tazama mstari mrefu: kwenye シ na ン huchorwa kutoka chini kwenda juu, kwenye ツ na ソ hushuka kutoka juu.

Hatua ya 4: sentensi

Kitenzi hukaa mwisho. わたしは水をのみます, *watashi wa mizu o nomimasu*: mimi, maji, nakunywa. *Wa* huonyesha tunayemzungumzia, *o* huonyesha kinachonywewa. Kitenzi hakibadiliki kwa nafsi: nakunywa, unakunywa, wanakunywa, zote *nomimasu*. Kukanusha ni *nomimasen*, wakati uliopita *nomimashita*. Wingi wa nomino kwa kawaida hauonyeshwi.

Kwa "kuwepo" kuna vitenzi viwili, na hapa ngeli ya A-WA inakulipa. Paka yupo: *neko ga imasu*. Kitabu kipo: *hon ga arimasu*. Mti je? Ni *arimasu*, hata uwe mbichi umejaa maua. Kwetu pia mti upo, haupo kwenye A-WA.

Hatua ya 5: kanji

Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kila siku, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina 2,136. Usiitazame kwa ujumla wake. Anza na zinazojengana: 木 ni mti, 林 ni kijisitu, 森 ni msitu. Mtu akiegemea mti, 休, anapumzika. Kila kanji jifunze ndani ya neno, kwa sababu moja huwa na usomaji zaidi ya mmoja: 山 pekee ni *yama* (mlima), lakini 富士山 ni *Fujisan*.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nataka kuongea tu. Siwezi kuacha maandishi?*

Unaweza, kwa muda. Halafu utakutana na *kami*: nywele, karatasi na mungu. 髪, 紙, 神. Ukiziona hivyo hakuna utata tena, kanji imegeuka rafiki.

*Kalamu moja* ippon*, mbili* nihon*, tatu* sanbon*. Mbona kinabadilika-badilika?*

Ndugu, wewe mwenye "kimoja, mmoja, moja" ndiye unayelalamika? Haya ni maneno ya kuhesabia, jamaa wa ngeli. *Hon* (hapa si kitabu, na hugeuka *pon* au *bon*) ni ya vitu virefu vyembamba, *mai* ya vitu bapa kama karatasi, *nin* ya watu, isipokuwa mtu mmoja *hitori* na wawili *futari*. Ukisahau, tumia *hitotsu, futatsu, mittsu* hadi *tō*, kumi. Zinafaa kwa vitu vingi, ila si kwa watu.

*Nimejifunza kwa kutazama katuni. Inatosha?*

Kwa masikio inasaidia sana. Kwa mdomo, hapana: *omae*, "wewe" ya kwenye ugomvi, usimwambie usiyemjua. Anza na *desu* na *masu*, miisho ya adabu ya sentensi, na u ya mwisho karibu uimeze.

*Mtihani wa JLPT, ule wa kupima ujuzi wa Kijapani, nianze ngazi gani?*

Ngazi ni tano, N5 ya chini kabisa hadi N1. Hufanyika Julai na Desemba, ingawa baadhi ya miji hupata awamu moja tu. Hauna sehemu ya kuongea wala ya insha, kwa hiyo cheti chake hakisemi lolote kuhusu mdomo wako.

*Nikijitambulisha niseme jina langu na -san?*

La. -san ni kiambishi cha heshima, cha kumpa mwingine. Jina lako liache tupu, kisha *desu*. Na san ya Fujisan si hii ya heshima: ni ule mlima wa 山.