Somo: Kumrudisha nyumbani MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti) kabla muhula haujaisha

Majirani, kila mtaro ukifurika nasikia "tumng'oe!", halafu jua likiwaka tunasahau. Mwenye nia ya kweli akae chini tuhesabu.

Kwanza, jua unamng'oa nani. Nairobi ina wadi 85, na anayeweza kuitwa nyumbani kwa sasa ni MCA aliyechaguliwa. Wabunge na maseneta wamo kwenye kifungu cha 104 cha Katiba, kinachowapa wapiga kura haki ya kuwarudisha, lakini Mahakama Kuu ilifuta sehemu za sheria yao mwaka 2017 na Bunge halijaziba pengo. (Wenyewe wana haraka gani?) Sheria ya MCA ilirekebishwa 2020, ndiyo maana yeye anaweza kuitwa.

Pili, tarehe. Ombi haliruhusiwi kabla ya miezi 24 tangu uchaguzi, wala katika miezi 12 ya mwisho. Kwa waliochaguliwa 9 Agosti 2022, mlango unafungwa Agosti 2026. Na ni ombi moja tu kwa muhula, kwa hiyo msiliharibu.

Tatu, sababu: kuvunja Katiba au sheria vibaya, kutomudu kazi, utovu mkubwa wa nidhamu, au kuhukumiwa kwa kosa la kifungo cha miezi sita au zaidi. "Hapokei simu" si sababu. Kusanyeni picha, barua, na kumbukumbu za vikao.

Nne ndipo wengi huanguka. Ukishawasilisha ombi kwa IEBC (tume ya uchaguzi), una siku 30 kuleta sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura wa wadi. Wadi ikiwa na wapiga kura 30,000, hizo ni sahihi 9,000, yaani 300 kila siku, Jumapili zikiwemo. Kila mstari una jina, anwani, namba ya kadi ya kura, namba ya kitambulisho na sahihi. Sasa fikiria ploti yetu: vyumba ishirini, lakini nusu ya wapangaji wamejiandikisha ushago, kijijini kwao. Wanakanyaga matope yetu, ila sahihi zao hazihesabiki. Kabla ya kumpa mtu kalamu, muulize alipigia kura wapi.

IEBC wakiridhika na orodha, wadi inapiga kura ya ndiyo au hapana.

Maswali ya wanachama

Mama Chapo: Mwalimu, na gavana?
Jibu: Huyo hatolewi kwa sahihi zetu, mama. Bunge la kaunti humshtaki, Seneti huamua. Ndivyo Sonko, aliyekuwa gavana wa Nairobi, alivyoondoka Desemba 2020.

Kijana wa Boda: MCA wetu ni wa kuteuliwa. Tunamfanyaje?
Jibu: Hamkumchagua, kaka, kwa hiyo hamuwezi kumrudisha.

Mama Chapo tena: Mzee wangu yuko kazini Mombasa. Nimtilie sahihi? Namba zake ninazo zote.
Jibu: Hapana, mama. Orodha hukaguliwa, na sahihi ya kughushi ni kosa. Mzee akija wikendi, fomu iko kwangu.