Kusoma kanuni za menejimenti mtandaoni huku chapati ziko motoni

Nina mgahawa mdogo Ngamiani, hapa Tanga. Moto tunauwasha alfajiri, tunauza chapati na mbaazi za nazi, na ikifika saa nane mchana masufuria yameshaoshwa. Nina wafanyakazi wanne, na yupo shangazi yangu aliyenifundisha kupika. Mwaka jana nilijiandikisha masomo ya cheti cha biashara kwa njia ya mtandao, na somo la kwanza lilikuwa kanuni za menejimenti. Nimelimaliza. Naandika kwa ajili ya mwenzangu anayepika, anayeuza na kusimamia watu mchana kutwa, kisha usiku anataka kusoma.

Kabla ya sura ya kwanza, fungua ratiba ya somo. Nunua kaunta buku, andika kila kazi, alama zake na siku ya mwisho ya kuituma. Saa ziandike kwa Kiswahili. Mfumo ukionyesha 23:59, hiyo ni saa sita kasoro dakika moja usiku. Chuo kikiwa kinatumia saa za Greenwich, sisi tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo kwako ni saa tisa kasoro dakika moja usiku, na tarehe imeshageuka. Kazi yangu ya kwanza niliipandisha saa tano na nusu, umeme ukakatika, mtandao ukapotea, nikalala na kazi yangu mkononi. Tangu hapo siku yangu ya mwisho naiweka siku mbili kabla ya ile ya chuo. Kuhusu bando, pakua kila kitu usiku bei inaposhuka, na anza na maandishi, kwa sababu video moja ndefu inaweza kumaliza bando la wiki.

Sasa lugha. Somo linafundishwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo wengi tunapokwama. Mambo yenyewe si mageni kwetu. Tunakwama kwa kukariri maneno ambayo ulimi haujayaonja. Mimi niligawa kila ukurasa wa kaunta buku safu tatu. Kushoto niliandika istilahi kama ilivyo kitabuni. Katikati niliieleza kwa Kiswahili changu, kama ninavyoongea na mteja. Kulia niliandika jambo lililotokea mgahawani wiki hiyohiyo linalofanana na kanuni ile. Safu ya kulia ikibaki tupu, bado sijaelewa, narudi kusoma. Siku ya kujibu kwa Kiingereza nilianzia kulia kwenda kushoto, na maneno yalikuja yenyewe kwa sababu nilikuwa na kitu cha kusimulia.

Anza na kazi za meneja. Henri Fayol, Mfaransa aliyekuwa mhandisi wa migodi na kisha mkuu wa kampuni ya makaa ya mawe na chuma kuanzia 1888 hadi 1918, alizitaja tano katika andiko lake la 1916: kupanga, kuandaa watu na vifaa, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Vitabu vingi vya leo vinataja nne: kupanga, kuandaa, kuongoza na kudhibiti. Swali likimtaja Fayol, toa tano. Lisipomtaja, fuata kitabu cha somo lako. Na neno kudhibiti lisikutishe ukadhani ni ukali. Ni kulinganisha ulichopanga na kilichotokea, kisha kurekebisha. Siku moja nilipanga chapati 120, zikatoka 104, na unga umekwisha. Hakuna aliyeiba. Madonge yalikuwa makubwa. Tukaanza kuyapima kwenye mizani, na hiyo ndiyo kudhibiti yote.

Kanuni za Fayol ni 14, na usizisome zote kwa uzito mmoja. Kaa zaidi na zile zinazouma kazini kwako. Iliyoniuma mimi ni umoja wa amri: kila mfanyakazi apokee maagizo kwa mkubwa mmoja. Jumamosi moja, wateja wamejaa, nilimwambia binti wa chapati asiondoke kwenye kikaango mpaka madonge yaishe. Shangazi akaita kutoka nyuma, "Njoo unikamulie tui mwanangu, mbaazi zinakauka." Binti akaenda. Moshi ndio uliotuita sote. Nilimkuta amesimama katikati ya mlango, mikono myeupe kwa nazi, macho yamejaa machozi, ananiuliza, "Dada, sasa nimsikilize nani?"

Jioni nilimfuata shangazi uani. "Shikamoo shangazi." "Marahaba." Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi, natafuta pa kuanzia. Akaniwahi: "Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kuanzia kesho nikimtaka binti nitakuambia wewe." Nikaingia ndani nikajaza safu ya kulia. Nilipoulizwa kanuni ile kwenye mtihani, niliuona ule mlango na ile mikono.

Angalia usiichanganye na umoja wa mwelekeo, maana watunga mitihani hupenda kuziweka pamoja. Umoja wa mwelekeo unasema shughuli zote zenye lengo moja ziwe na mkuu mmoja na mpango mmoja. Ya kwanza inamhusu mtu na anayemwagiza. Ya pili inahusu kundi la kazi na mpango wake.

Nyingine yenye utamu ni mlolongo wa madaraka. Fayol anataka ujulikane mstari kutoka juu hadi chini, lakini aliona kwamba ujumbe ukipanda ngazi zote na kushuka zote, kazi inachelewa. Akaruhusu watu wawili wa ngazi sawa waongee moja kwa moja, mradi wakubwa wao wameridhia, na njia hiyo akaifananisha na ubao wa kuvukia. Kwa Kiswahili tuna neno daraja, ambalo ni cheo na pia ni njia ya kuvuka mto, basi kwangu kanuni hii ilikaa kichwani papo hapo. Mhudumu wa mezani sasa anamwambia mpishi mwenyewe kwamba mbaazi zimekwisha, hasubiri nirudi sokoni.

Ukimaliza Fayol, msome Frederick Taylor, Mmarekani aliyetoa kanuni za usimamizi wa kisayansi mwaka 1911. Fayol anaitazama taasisi kutoka kwenye kiti cha mkuu. Taylor anaanzia chini, kwenye mkono wa mfanyakazi, anapima muda na mwendo. Swali la kuwalinganisha haliko mbali. Mimi nilichukua simu nikapima muda wa chapati 20: dakika 31. Nikagundua ndoo ya unga iko karibu na mlango, na binti anapiga hatua 11 kila anapoongeza. Tukaisogeza ndoo mezani, muda ukashuka hadi dakika 26.

Nilifurahi, mpaka nilipoona kwamba siku nisiposimama na simu, dakika zinapanda tena. Hapo nikaelewa sura iliyofuata. Kati ya 1924 na 1932, kwenye kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, watafiti walibadilisha mwanga ili waone kama uzalishaji utabadilika. Ukapanda hata kwa wale ambao taa zao hazikuguswa. Majaribio yale yakaendelea kwa njia nyingine, na Elton Mayo wa Chuo Kikuu cha Harvard ndiye aliyeyatangaza zaidi, akisisitiza kwamba mtu kazini anaongozwa pia na kuthaminiwa na wenzake. Wanazuoni wa baadaye wameyahoji sana matokeo hayo, na ukilitaja hilo kwenye jibu unaonyesha umesoma kwa kupima. Nakushauri usome Taylor na Hawthorne wiki moja, mmoja anamjibu mwenzake.

Kazi ya kwanza niliyosahihishiwa nilipata 9 kati ya 20. Nilikuwa nimeandika kanuni zote 14 kwa mpangilio mzuri, na mkufunzi akaandika pembeni: umeorodhesha, hujaeleza. Niliumia, lakini alikuwa na haki. Ukipewa kisa cha kampuni fulani, kisome mara mbili na kalamu mkononi, uweke mstari kila panapotokea tatizo. Kisha kwa kila tatizo taja kanuni inayohusika, ieleze kwa sentensi moja, onyesha mahali ilipovunjwa ndani ya kisa chenyewe, na useme meneja afanye nini. Kanuni tatu zilizoelezwa hivyo zina alama nyingi kuliko 14 zilizopangwa kama orodha ya sokoni.

Wiki mbili kabla ya mtihani acha kusoma mapya. Tafuta mitihani iliyopita, weka simu mbali, jibu kwa kalamu kwa muda uleule uliowekwa, kwa sababu mkono uliozoea kugusa kioo huchoka haraka. Na utafute mtu wa kumfundisha. Wangu alikuwa shangazi. Kila Alhamisi usiku nilikaa naye barazani, namweleza kanuni moja bila kufungua daftari.

Alhamisi ya mwisho nilimfundisha malipo. Nikamwambia Fayol anataka malipo yawe ya haki. Akanyamaza, akasogeza taa, akauliza, "Haki kwa macho ya nani, mwanangu? Yako wewe au ya yule binti?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kufungua sura upya, na nikakuta mstari nilioupita mara tatu: malipo yamridhishe, kadiri inavyowezekana, mfanyakazi na mwajiri pia. Asubuhi, kabla ya moto kuwashwa, nikamwita binti mezani, nikafungua daftari la mauzo, tukaanza kupiga hesabu ya posho yake pamoja.