Pima mapigo ya moyo kabla ya kuongeza kasi

Anayekimbia asubuhi katika msitu wa Karura jijini Nairobi au kuzunguka mtaa wake hahitaji saa ya bei ghali ili kujua kama moyo unafanya kazi kupita kiasi. Simama kidogo, weka ncha za vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha uzidishe kwa 4. Kadirio la kiwango cha juu cha mapigo hupatikana kwa kutoa umri wako katika 220, kwa hiyo mtu wa miaka 40 hupata 180 kwa dakika. Mazoezi ya wastani yatamweka kati ya 90 na 126, na mazoezi makali yasipite 153. Hilo ni kadirio tu, nami huliamini zaidi linapokubaliana na pumzi: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, uko katika kiwango cha wastani.

Aliyewasili karibuni kutoka Mombasa asishangae mapigo yakipanda upesi, kwa kuwa Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Apunguze mwendo kwa siku kadhaa za mwanzo. Anayetumia dawa za shinikizo la damu amuulize daktari kwanza, maana baadhi ya dawa hizo hupunguza mapigo na kuifanya hesabu hii isifae. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida kukitokea, acha mazoezi papo hapo na utafute matibabu.