Somo: Jinsi ya kusasisha ruta yako ya Wi-Fi bila kuiua

Wakuu, mwezi uliopita hapa kwangu Kirumba, Mwanza, kila aliyeunga simu kwenye Wi-Fi, akifungua tovuti anajikuta kwenye ukurasa wa kamari. Akitumia bando lake, hakuna shida. Nikafuta programu kwenye simu, nikazima ruta na kuiwasha mara sijui ngapi, wapi! Nilipoingia ndani ya ruta yenyewe ndipo nikakuta namba za DNS si zile nilizoweka mimi. DNS ndiyo inayoielekeza simu tovuti fulani iko wapi, kwa hiyo aliyeishika anakupeleka anakotaka. Programu ya ruta ilikuwa ya 2019 na nywila ya kuingilia bado ni "admin". Na fundi ni mimi mwenyewe, aibu gani hiyo.

Ruta ni kompyuta ndogo. Ina programu yake ndani, tunaiita fimuwea, na matundu ya usalama, anakopenyea mhalifu, hayakosekani. Mwaka 2023 lilitangazwa moja kwenye ruta ya TP-Link Archer AX21. Marekebisho yalitoka Machi, na Aprili wahalifu walikuwa tayari wanaziingilia ruta ambazo hazijasasishwa. Hii tabia yetu ya zima-washa nayo haitoshi: mwaka 2018 kirusi cha VPNFilter kilikutwa kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54. FBI, wapelelezi wa Marekani, iliwashauri watu wawashe ruta upya, lakini kipande cha kwanza cha kirusi kilibaki humohumo, tayari kuwaita wenzake.

Twende kazi.

Hatua ya 1. Geuza ruta, soma stika ya chini. Andika modeli pamoja na toleo lake, mfano V2 au V4. Hapa ndipo watu wanapoua ruta. Jina ni lilelile, umbo lilelile, ndani saketi nyingine kabisa. Ukipakia fimuwea ya V2 kwenye V4, ukiwa na bahati itakataa. Usipokuwa nayo, umebaki na pambo la mezani.

Hatua ya 2. Kwenye brauza andika 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Zikigoma, anwani sahihi iko kwenye stika hiyohiyo.

Hatua ya 3. Tafuta sehemu ya kusasisha programu. Kama haijisasishi yenyewe, pakua faili kwenye tovuti ya mtengenezaji tu, si kwenye kiungo cha kundi la WhatsApp. Hifadhi kwanza mipangilio yako, unga kompyuta kwa waya, halafu angalia nje. Nasema kweli, angalia nje! Wingu jeusi likiwa linapanda kutoka ziwani, ahirisha. Umeme ukikatika katikati ya zoezi, ruta inaweza isiamke tena. Mimi niliichomeka kwenye UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, ikachukua dakika nne, taa zote zikazima kisha zikarudi moja moja. Usiguse kitu mpaka zitulie.

Hatua ya 4. Badili nywila ya kuingilia ruta. Hii si ile ya Wi-Fi unayowapa wageni.

Hatua ya 5. Zima WPS, ile njia ya kuunga kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika nywila ya Wi-Fi, na uzime usimamizi wa ruta kutoka nje ya nyumba. Mwisho kagua DNS.

MASWALI YA WADAU

Swali (Igoma): Mkuu, ruta yangu ni ya kampuni ya intaneti, sehemu ya kusasisha siioni.
Jibu: Nyingi za fiba zinasasishwa na kampuni yenyewe kutoka kwao. Wapigie, watajie toleo la fimuwea lililopo na uwaulize kama ndilo jipya. Hapo pia usizime usimamizi wa mbali kabla hujawauliza.

Swali (Buzuruga): Nilinunua ya mtumba Makoroboi, bei poa. Mtengenezaji kaacha kuitolea marekebisho. Nifanyeje?
Jibu: Pole kaka. Tundu likipatikana leo hakuna wa kuliziba. Tafuta nyingine. Na mtumba wowote, kabla hujautumia, bonyeza kitufe cha reset kwa pini mpaka taa zipepese. Huwezi kujua mwenye nayo wa kwanza aliacha nini ndani.

Swali (Nyegezi): Shikamoo. Nina duka la dawa, natumia MiFi, ile ruta ndogo ya betri inayotumia laini ya simu. Na hii inahusika?
Jibu: Marahaba dada. Inahusika, nayo ina fimuwea. Ichaji ijae kwanza, na uangalie bando. Faili huwa ni la MB kadhaa tu, lakini likiishia njiani utaanza upya.

Swali (Nyegezi tena): Nimesoma stika, imeandikwa V4. Mwanangu alishanipakulia ya V2, iko kwenye laptopu.
Jibu: Ifute sasa hivi, kabla hajarudi shule akaibonyeza.