Somo: kuuza viatu vya mitumba kwa simu ukiwa Kisumu

Wengi mnaoniuliza mnataka kujua jinsi ya kupata wafuasi elfu kumi. Mimi sina hata elfu mbili. Ninao watu kama mia tatu waliohifadhi nambari yangu, na hao ndio wanaonilipia kodi ya nyumba.

Hatua ya 1. Chagua bidhaa moja. Nilianza na viatu, sufuria na vitenge kwa pamoja, na hakuna aliyenikumbuka kwa lolote. Sasa ni viatu vya wanawake, namba 37 hadi 41, basi.

Hatua ya 2. Picha. Hapa tukae kidogo. Piga asubuhi, nje, kivulini, kabla jua la Kisumu halijakolea. Kila jozi picha nne: mbele, ubavuni, soli na kasoro. Kasoro hasa! Kiatu kikiwa na mkwaruzo, weka kidole kando yake upige. Mteja wa Busia hawezi kukipapasa wala kukikunja, ana hiyo picha tu. Na tafadhali, usipige picha ya kamera halafu ukatuma fagia. (Kwa wageni wa mitumba: kamera ni zile nzuri zinazochaguliwa kwanza robota likifunguliwa. Fagia ni zile zinazobaki sakafuni.)

Hatua ya 3. Andika bei. Hii ya "bei njoo inbox" mimi naiona ni dharau. Andika hivi: "Namba 39, ngozi, mkwaruzo mdogo kisiginoni, 850. Kutuma mjini 100." Atakayekutafuta baada ya kusoma hayo amekuja kununua.

Hatua ya 4. Pakua WhatsApp Business, ni ya bure. Panga viatu kwenye katalogi. Stetasi hutoweka baada ya saa 24, kwa hiyo mimi huweka alfajiri na tena saa moja jioni, watu wakiwa ndani ya matatu wameinamia simu. Orodha ya kutangaza (broadcast list, ya kutumia wengi ujumbe mmoja) hubeba hadi watu 256, lakini ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi nambari yako. Mwombe mteja aihifadhi siku aliyopokea viatu akafurahi. Ukimwomba kabla, unamsumbua tu.

Hatua ya 5. Pesa kwanza, na uhakikishe kwenye salio. Niliwahi kuletewa ujumbe wa M-Pesa wenye jina, kiasi na saa, kila kitu sawasawa. Jozi mbili zikaondoka na bodaboda. Salio halikuwa limeongezeka hata shilingi. Siku hizi hata awe mchungaji, naangalia salio ndipo nafunga mzigo. Mzigo wa Kakamega au Siaya unapanda matatu. Piga picha risiti na nambari ya gari, umtumie mteja papo hapo.

Matangazo ya kulipia? Kwa mitumba, kulipia tangazo la jozi moja ni hasara, maana ikinunuliwa tangazo linaendelea kula pesa zako. Mimi hutangaza siku ya kufungua robota peke yake, na ninalenga Kisumu tu.

MASWALI

Dada wa Nyalenda: Watu wanauliza, nawajibu, naona tiki za buluu, kisha kimya. Niwafuate?

Mara moja tu, kesho yake, tena uwe na jipya la kusema: "Ile nyeusi imeenda, ila nimepata ya kahawia, namba yako." Usiandike "Bado unataka?" Hiyo inanuka njaa.

Kaka wa Nakuru: Sina mtaji wa robota. Naweza kuuza viatu vya wengine?

Unaweza, wengi tulianza hivyo. Elewana na muuzaji sokoni, piga picha mwenyewe, ongeza chako juu. Hatari ni moja: mteja wako anatuma pesa, kumbe kiatu kimeuzwa dakika kumi zilizopita. Mpigie muuzaji akiweke kando kwanza, ndipo umpe mteja nambari ya kulipia.

Mama wa Kakamega: Nina nambari za wazazi wote wa darasa la mtoto wangu. Niwaweke kwenye kundi la biashara?

Hapana, mama. Walizitoa kwa mambo ya shule. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na huwezi kutumia nambari ya mtu kumtangazia biashara bila ridhaa yake. Halafu mtakutana getini. Weka viatu kwenye stetasi yako, anayependa atakuuliza.

Dada wa Kondele: Mteja amepokea viatu, vinambana, anataka pesa zake zote na nauli juu.

Namba za mitumba hazilingani, 39 ya kampuni hii ni 38 ya ile. Pima urefu wa ndani kwa rula, uandike sentimita kando ya bei, naye apime mguu wake kabla ya kulipa. Kwa huyu wa sasa, kama hukumpa vipimo, mrudishie pesa za viatu. Nauli mgawane nusu kwa nusu.